Jina la Maradhi na Maisha ya Mgonjwa: Historia Fupi ya Istilahi za Maradhi ya Kinywa Yanayohusishwa na Saratani

Mwaka 1952, katika kongamano la kimataifa la madaktari wa meno jijini London, Schwartz alieleza hali ya wanawake watano wenye asili ya India waliokuwa wakiishi Kenya. Ndani ya vinywa vyao mlikuwa mmekakamaa. Kwa jina la Kilatini, aliyaita maradhi hayo kunywea kwa utando wa kinywa kusikojulikana chanzo. Mwaka 1953, Joshi wa India aliyapa jina lililodumu, linaloeleza wingi wa nyuzi chini ya utando huo. Afrika Mashariki, basi, imo katika kurasa za mwanzo za historia ya kitabibu ya maradhi haya. Makala haya yanadai kwamba historia hiyo, ikisomwa kupitia majina, inadhihirisha jinsi mgonjwa alivyochelewa kusikilizwa.

Chanzo kikuu, ambacho ni kutafuna popoo, kilikuja kubainika baadaye. Mwaka 2004, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilichapisha tathmini iliyoweka popoo, hata bila tumbaku, miongoni mwa visababishi vya saratani kwa binadamu. Katika pwani ya Waswahili, mchanganyiko wa tambuu, popoo, chokaa na tumbaku uliitwa uraibu, na wageni walikirimiwa kwao. Leo neno hilo hutumika zaidi kwa maana ya kutawaliwa na mazoea mabaya, hususan dawa za kulevya. Mgonjwa aliyepokea popoo kama ukarimu huweza kuulizwa habari zake kwa neno la lawama.

Istilahi za jumla nazo zilibadilika. Mwaka 1978, uainishaji wa Shirika la Afya Duniani ulitenganisha madoa na hali za mwili zinazotangulia saratani. Mwaka 2005, wataalamu waliokutana London walipendekeza istilahi moja: matatizo yenye uwezekano wa kugeuka saratani. Sababu ilikuwa wazi: si kila tatizo la aina hiyo hugeuka. Kwa Kiswahili tofauti hii si ndogo. Kitenzi kutangulia humwashiria msikilizaji kwamba kuna kinachofuata. Anayeambiwa ana ugonjwa unaotangulia saratani anaweza kudhani hukumu imekwisha kutolewa.

Majina hayo yote yalizingatia tishu au hatari. Hayakugusa tonge lisilopita kwa sababu kinywa hakifunguki, mchuzi wa pilipili usiovumilika, matamshi yaliyoharibika, wala aibu ya kula mbele za watu. Mwaka 1997, Slade alichapisha dodoso la maswali 14 kuhusu athari za afya ya kinywa katika maisha. Mwaka 2017, Tadakamadla na wenzake walichapisha dodoso mahususi kwa matatizo haya, lililotokana na maelezo ya wagonjwa wa India. Pamoja na maumivu, hali ya kijamii na athari za tiba, dodoso hilo linauliza kuhusu ugumu wa kupata utambuzi wa ugonjwa. Kumbe safari ya kutafuta jina la maradhi ni sehemu ya mateso yenyewe.

Kwa hiyo, dodoso la Kiswahili lisitokane na tafsiri ya orodha ya kitabibu pekee. Swali kama “Je, kinywa kinakuwasha?” linaweza kueleweka kuwa ni mwasho wa kukuna au ukali wa pilipili, na majibu yakapotosha takwimu. Vivyo hivyo, “Je, hutafuna popoo au tambuu?” huuliza tendo, ilhali “Je, una uraibu?” hushtaki. Wizara za afya zinazopanga huduma kwa kutegemea majibu hayo zinapaswa kuwashirikisha wanaisimu na wagonjwa tangu hatua ya kutunga maswali. Wanawake wale watano waliingia katika historia kwa vinywa vyao, si kwa maneno yao. Dodoso lililotungwa vyema litawawezesha warithi wao kujieleza wenyewe.