Wako Wapi? Zaidi ya Miaka 50 ya Kuwafuatilia Mabaharia Wapweke

Novemba 1968, Robin Knox-Johnston alionekana kusini mwa New Zealand akiwa peke yake ndani ya Suhaili, mashua ya mbao iliyoundwa Bombay. Redio yake haikuweza tena kupeleka ujumbe. Tangu hapo hakuna aliyepata habari zake mpaka Aprili 1969, meli ya mafuta ya Uingereza ilipokutana naye karibu na visiwa vya Azores. Kwa zaidi ya miezi minne, ndugu zake na gazeti la Sunday Times, lililoandaa mashindano aliyokuwamo ya kuzunguka dunia bila kutua popote, hawakujua kama yu hai. Kati ya tisa walioanza, ni yeye tu aliyemaliza.

Mshindani mwenzake, Donald Crowhurst, alikuwa na redio nzima, na ndiyo iliyomponza. Alibaki Atlantiki huku akiripoti maendeleo makubwa, na nchi kavu hapakuwa na njia ya kumhakiki: mashua ilikuwa pale nahodha alipodai ipo. Julai 1969 ilikutwa ikielea bila mtu, daftari za safari zikiwa na ushahidi wa udanganyifu wake.

Mwaka 1978 Alain Colas alitoweka katika mashindano ya Route du Rhum. Hata kipande cha mashua yake hakikupatikana. Mwaka huohuo mfumo wa setilaiti wa Argos ulianza kazi. Uliundwa kwa ajili ya taarifa za hali ya hewa na bahari, lakini kisanduku chake kilipofungwa kwenye mashua za mashindano, kilitangaza chenyewe mahali zilipo. Kwa maoni yangu, hakuna badiliko lililozidi hilo. Februari 1983, wakati wa mashindano mengine katika bahari ya kusini, mashua ya Jacques de Roux ilipokuwa ikizama, Argos ilitoa ishara ya hatari, na wapenzi wa redio za mawimbi mafupi wakahangaika hadi wakampata mshindani wake, Richard Broadhead. Huyu aligeuza mashua, akamfikia na kumwokoa.

Mwaka 2020, katika mashindano ya Vendée Globe, mashua ya Kevin Escoffier ilivunjika vipande viwili kusini-magharibi mwa Cape Town. Akaitumia timu yake ujumbe wa WhatsApp kwamba anazama. Usiku ule ofisi ya mashindano ilikuwa ikizungumza kwa video na mshindani mwenzake, Jean Le Cam, aliyekuwa akimtafuta. Le Cam akakimbilia juu, kamera ikabaki inaonyesha chumba kitupu; baadaye wakamwona Escoffier akishuka, mzima.

Mashindano ya 1968 yamefufuliwa, na masharti yake ni ya zamani: baharia hupima jua kwa sekstanti, ila watu wa nchi kavu huiona mashua yake kwa setilaiti. Kirsten Neuschäfer wa Afrika Kusini alipowasili Les Sables-d'Olonne, Ufaransa, tarehe 27 Aprili 2023, waliomfuatilia kwenye simu zao walishajua kwamba ameshinda. Yeye aliambiwa hapohapo, na waliokuja kumlaki.