Siku jeni ziligeuka tarehe

Andika SEPT2 kwenye Excel kisha uhamie kisanduku kingine. Ukirudi utakuta 2-Sep. Kama wewe ni mweka hazina wa chama, hiyo haikusumbui. Lakini kwa mtafiti SEPT2 ni jina la jeni, na Excel imeligeuza tarehe bila hata kuuliza.

Na si ati hatukuonywa. Mwaka wa 2004, Barry Zeeberg na wenzake huko Marekani waliandika kuhusu balaa hili. Kati ya majina yaliyoharibika ni DEC1, jeni inayohusishwa na saratani ya umio, ugonjwa unaotumaliza sana huku Bonde la Ufa. Sasa fikiria mtafiti mwingine anachukua orodha hiyo aitafutie ugonjwa chanzo, na badala ya jeni anapata Desemba mosi. Hiyo jeni imepotea hivyo tu.

Onyo lilisomwa, watu wakaendelea na maisha yao.

Mwaka wa 2016, Mark Ziemann, Yotam Eren na Assam El-Osta wa Melbourne, Australia, waliamua kuhesabu. Kwa mkono wangezeeka, kwa hivyo waliandika programu fupi za kupekua faili 35,175 za Excel, zilizoambatishwa kwenye makala za majarida 18 kati ya 2005 na 2015. Makala 3,597 zilikuwa na orodha za jeni. Kati ya hizo, 704 zilikuwa na majina yaliyoharibika. Karibu moja kwa kila tano! Na zote zilikuwa zimepita mikononi mwa wahariri.

Kufikia 2020, kamati ya majina ya jeni za binadamu ilikuwa imebadilisha SEPT2 kuwa SEPTIN2. Excel yenyewe ilileta njia ya kuzima tabia hiyo 2023.

Wengi walicheka, ati wanasayansi wamepigia programu magoti. Mimi naona tofauti. Onyo la 2004 lilikuja na mifano, lile la 2016 likaja na hesabu, na hesabu iliwezekana kwa sababu faili zilikuwa wazi kwa yeyote. Zingefungiwa kabatini, hadi leo tungekuwa tunabishana.

Kwa hivyo ukisikia mkubwa fulani akisema data ya utafiti isitolewe tusije tukaaibika, mkumbushe: mficha maradhi, kifo humuumbua.