Masanduku ya Papworth

Katika miaka iliyotangulia Vita Kuu ya kwanza, maskini wa Uingereza aliyeshikwa na kifua kikuu aliweza, kwa fadhila ya sheria ya bima ya mwaka 1911, kulazwa miezi kadhaa katika nyumba ya tiba iliyojengwa mbali na moshi wa miji, akalishwa vema, akapumzishwa barazani apate hewa safi, na homa ilipomwacha na mwili ukarudi, akapewa ruhusa ya kwenda zake pamoja na nasaha ya kutafuta kazi nyepesi. Nasaha ilikuwa njema. Kazi ndiyo haikuwapo. Mwajiri gani angemchukua mtu akohoaye, asiyeweza kumaliza siku nzima, ilhali wazima wamejaa mlangoni? Basi alirejea katika chumba kile kile alimougulia, akabanana na mke na watoto, akashika kazi yoyote iliyokubali kumpokea, na aghalabu haikupita miaka mingi ila alikuwa kaburini, naye amekwisha kumwambukiza mmoja au wawili wa aila yake.

Tabibu aliyelitazama jambo hili kwa jicho kali kuliko wenziwe alikuwa Pendrill Varrier-Jones, mzaliwa wa Wales wa mwaka 1883, ambaye wakati wa vita alisimamia shughuli za kifua kikuu katika wilaya ya Cambridgeshire. Hoja yake ilikuwa kwamba pafu lililoliwa na maradhi halirudi kuwa jipya, na kwa hiyo mgonjwa aliyeruhusiwa hakupona bali maradhi yake yametulia. Na maadamu yametulizwa na namna ya maisha, kumrudisha katika maisha ya zamani ni kuimwaga tiba yote mchangani. Alianza na wagonjwa wachache katika kijiji cha Bourn, na mwaka 1918 akawahamishia Papworth, katika jumba lililowahi kuwa mali ya Ernest Terah Hooley, mfanyabiashara wa hisa aliyefilisika mwaka 1898 na baadaye akafungwa kwa ulaghai. Majumba nayo yana bahati zao.

Kilichofanyika Papworth kilistaajabisha kwa usahili wake. Mgonjwa aliyepata nafuu alitoka wodini akalala katika kibanda cha mbao kilichoachwa wazi kwa upepo, na daktari akampimia kazi kama apimavyo dawa: saa chache kwanza, kisha zaidi kidogo ikiwa joto la mwili halikupanda, na ikiwa limepanda, arudi kitandani. Kulikuwa na karakana ya useremala, matbaa na mahali pa kujalidi vitabu, mabanda ya kuku, na fauka ya yote kulikuwa na mafundi wa ngozi walioshona masanduku ya safari. Kila mtu alilipwa ujira wa kazi aliyoifanya. Varrier-Jones hakutaka masanduku yale yanunuliwe kwa huruma. Alitaka mnunuzi alinunue sanduku la Papworth kwa sababu ni sanduku zuri, na kwa ajili hiyo alivisakia viwanda vyake wateja na zabuni kwa bidii ya mfanyabiashara hasa. Naona hapa ndipo ulipokuwa ubora wa fikira yake, kwa kuwa mtu aliyezoea kupokea sadaka huona haya kudai chochote, bali mwenye ujira hudai haki yake.

Aliyethibitika kuwa anaweza kustahimili kazi alipewa nyumba ndogo yenye bustani, akaiita aila yake ije kukaa naye. Watu wengi walitishika kusikia wagonjwa wanaishi pamoja na watoto, lakini madaktari wa Papworth walitangaza, kwa fahari iliyo dhahiri, kwamba watoto waliozaliwa kijijini hawakuugua kama ilivyohofiwa, kwani walikuwa na chakula, nafasi na madirisha ya kutosha.

Hata hivyo nasitasita kumsifu bila mpaka. Alikuwa mtu wa amri, na kijiji chake hakikukusudiwa kuwa daraja la kurudia ulimwenguni. Kilikusudiwa kuwa makazi ya umri mzima. Bwana wa kazi, mwenye nyumba na tabibu walikuwa mkono mmoja. Serikali ilimpa heshima ya kuitwa Sir mwaka 1931, na mahali pengine pakaiga mfano wake, miongoni mwao Preston Hall katika Kent, ambako mwandishi George Orwell alilazwa mwaka 1938. Varrier-Jones alifariki mwaka 1941. Miaka miwili baadaye, huko Marekani, ikagunduliwa dawa ya streptomisini, na maradhi yaliyokuwa sababu ya kijiji yakaanza kutibika. Hospitali ya Papworth ikachukuliwa na serikali mwaka 1948. Karakana zikabaki, na polepole zikawafungulia mlango walemavu wa namna nyingine.

Wakati huo fikira ya kazi iliyokingwa, yaani kazi iliyotengwa kwa ajili ya walemavu, ilikuwa imekwisha ingia katika sheria. Sheria ya mwaka 1944 ilizaa viwanda vya Remploy, na cha kwanza kilifunguliwa Bridgend mwaka 1946, na ikamlazimisha mwajiri mwenye watu 20 au zaidi kuchukua walemavu kwa kadiri ya asilimia 3. Waingereza waliifuta kadiri hiyo kwa sheria ya mwaka 1995. Msomaji wa Tanzania atazikuta tarakimu zile zile mbili, 20 na 3, katika Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010.

Katika miaka ya 1990, katika jimbo la New Hampshire, Marekani, watafiti Deborah Becker na Robert Drake walipanga utaratibu kwa ajili ya wagonjwa wa akili uliogeuza mwendo wa Papworth: mtu atafutiwe kwanza kazi ya kawaida anayoitaka mwenyewe, miongoni mwa wazima, kwa mshahara wa kawaida, na msaidizi amfuate huko, azungumze na mwajiri iwapo mgonjwa ameridhia, ashauriane na madaktari juu ya saa anazoziweza. Mtu akiichoka kazi hiyo, au ikimshinda, huiacha, na msaidizi huandamana naye kutafuta nyingine. Fundi wa masanduku wa Papworth aliyetaka kuacha kazi ilimpasa afikirie pia nyumba yake.