Konea iliyopandikizwa: tishu na matatizo ya uponyaji

Konea iliyopandikizwa ni kioo cha mbele cha jicho kilichotolewa kwa marehemu na kushonwa kwenye jicho la mtu ambaye konea yake imepata kovu, imevimba au imechongoka. Upandikizaji wa kwanza wa unene wote wa konea uliofanikiwa kwa binadamu ulifanywa na Eduard Zirm mjini Olomouc, Desemba 1905, kwa kibarua aliyeunguzwa macho na chokaa.

Konea ina unene wa takriban nusu milimita katikati, na haina mshipa wa damu. Oksijeni huipata hewani kupitia machozi, chakula hukipata kwenye maji yaliyo ndani ya jicho. Kwa hiyo mwili huchelewa kuitambua konea ya mtu mwingine kuwa ngeni, lakini kidonda chake nacho hufunga polepole mno. Ngozi yake ya juu hujijenga upya ndani ya siku chache. Tabaka la kati, lililo nene kuliko yote, lina nyuzi za kolajeni zilizopangwa kwa utaratibu unaopitisha mwanga. Palipokatwa hubaki kovu. Safu ya ndani kabisa, ya seli zinazosukuma maji nje ili kioo kisivimbe, haizaliani. Seli zikifa, zilizobaki hutanuka kuziba pengo, na baada ya upasuaji hupungua haraka kuliko katika jicho ambalo halijaguswa.

Makovu mengi ya konea vijijini Tanzania hutokana na vikope (trakoma), surua kwa watoto wenye upungufu wa vitamini A, dawa za kienyeji zinazotiwa machoni, na majeraha ya shambani. Katika Mkoa wa Katavi, uliomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012, wakulima wa mpunga na mahindi wanalijua jeraha hilo: kapi au jani huparuza jicho, fangasi huingia, na konea hugeuka nyeupe. Jicho la namna hii ndilo gumu kupandikizwa, kwa sababu mishipa ya damu imekwisha kuotea ndani ya kovu, na mishipa hiyo ndiyo njia ya chembe za kinga kulifikia pandikizi. Hospitali ya Kikuyu nchini Kenya ilipochapisha matokeo yake mwaka 1996, mapandikizi ya wenye konea iliyochongoka yalidumu vizuri zaidi kuliko ya wenye maradhi mengine.

Dalili za mwili kukataa pandikizi ni jicho kuwa jekundu, kuumia mwangani na kuona ukungu. Matone ya steroidi yakianza mapema, mara nyingi pandikizi huokoka. Siku zikipita, seli za ndani hufa na hazirudi. Hapa ndipo umbali unapouma. Upandikizaji hufanywa katika hospitali chache kubwa nchini Tanzania, na treni ya Mpanda, mji mkuu wa Katavi, hupita Kaliua hadi Tabora kabla ya msafiri kuunganisha safari ya Dar es Salaam. Mgonjwa asiondoke hospitali bila kujua nani, karibu na kwao, atamtazama jicho. Naye atakayemtazama apime presha ya jicho, maana steroidi za muda mrefu huipandisha na huleta mtoto wa jicho.

Nyuzi za nailoni za mshono, nyembamba kuliko unywele, kwa kawaida hukaa mwaka mmoja au zaidi. Uzi uliolegea hukusanya ute na vijidudu na kuvuta mishipa ya damu, hivyo huondolewa mara moja, hata kama mgonjwa haumwi: neva za konea zilikatwa, na pandikizi huenda lisihisi chochote kwa miezi mingi. Kope zilizogeukia ndani kwa sababu ya vikope hurekebishwa kabla ya upandikizaji, la sivyo zitaikwangua konea mpya kama zilivyoikwangua ya zamani.

Mshono wenyewe haurudishi nguvu zote za konea. Pigo la mpira, ngumi au pembe ya ng'ombe linaweza kuupasua hata baada ya miaka 10, na ndiyo maana miwani ngumu ya kukinga jicho huandikwa pamoja na dawa.