Sindano za Profesa Koch: Malale, Ziwa Victoria na swali la ridhaa

Robert Koch tunamfahamu kama mtu aliyegundua bakteria wa kifua kikuu, akapata Tuzo ya Nobel mwaka 1905. Kinachosimuliwa mara chache ni kilichofuata mwaka mmoja baadaye, huku kwetu kwenye Ziwa Victoria.

Katikati ya mwaka 1906 Koch alifika Mwanza, wakati huo mji wa koloni la Wajerumani, akitafuta wagonjwa wa malale. Hakuwapata wa kutosha. Akavuka kwenda visiwa vya Sese, upande wa Uganda, ambako ugonjwa huo unaoenezwa na mbung'o ulikuwa unamaliza vijiji. Alipiga kambi kisiwani Bugala, na wagonjwa wakaja kwa mamia, kwa sababu hapakuwa na tiba nyingine ya maana.

Dawa yake iliitwa Atoxyl, nayo ilitengenezwa kwa aseniki. Ndiyo, ile sumu. Alianza na nusu gramu kwa sindano, ikirudiwa kila baada ya siku kadhaa. Vimelea vikatoweka kwenye damu, wagonjwa wakapata nafuu. Lakini baada ya muda vimelea vilirudi. Koch akaamua kuongeza dozi hadi gramu nzima.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Watu walipata maumivu makali na kizunguzungu, wengine wakatoroka kambi. Wagonjwa 22 wakawa vipofu, moja kwa moja. Koch akarudi kwenye dozi ndogo, ila macho ya wale 22 hayakurudi.

Wapo wanaosema, "Zamani zile maadili ya utafiti hayakuwepo." Si kweli. Mwaka 1900 serikali ya Prussia, nchi aliyofanyia kazi Koch, ilitoa agizo kwa hospitali zake: mtu asifanyiwe jaribio bila kuelezwa madhara yake na kukubali. Lilitoka baada ya kashfa ya profesa Albert Neisser, aliyewadunga wanawake seramu ya kaswende bila wao kujua.

Tuwe wakweli lakini: agizo lile halikugusa sindano zinazotolewa kwa nia ya kutibu, na Koch angeweza kusema alikuwa anatibu. Tatizo liko hapohapo. Kutafuta dozi ambayo hakuna anayejua madhara yake ni utafiti, hata kama aliyelala kitandani ni mgonjwa. Ukiuita tiba, mgonjwa haoni sababu ya kuuliza.

Msafara wa Koch uliisha mwaka 1907, lakini kambi ziliendelea upande wa Wajerumani, zikiwemo Kigarama karibu na Bukoba na Shirati huko Mara. Huko pia wagonjwa walikimbia. Kwenye ripoti za wakoloni, kutoroka kulionekana kama ukaidi. Ukiisoma upya, unaona ni njia pekee waliyokuwa nayo ya kusema "hapana".

Leo Mwanza ina kituo cha NIMR na chuo kikuu cha tiba pale Bugando, na utafiti kwa binadamu lazima upitie kamati ya maadili kwanza. Wanafunzi wengi huiona fomu ya ridhaa kama usumbufu wa makaratasi. Ukiichukua kwa mshiriki anayezungumza Kisukuma, jiulize kitu kimoja: akikataa, ataweza kusema hivyo bila kulazimika kukimbia?