Kuteguka, Kuvutika Misuli na Kuvunjika Mifupa

Kuteguka kiungo, kuvutika msuli na kuvunjika mfupa ni madhara matatu yatokayo aghalabu katika sababu moja, nayo ni nguvu ya ghafula kuujia mwili kwa namna usiyoihimili. Na kwa kuwa yote matatu huleta maumivu, uvimbe na damu kuvia chini ya ngozi, watu huyachanganya, na katika kuchanganya huko ndimo mnamopotea viungo vingi ambavyo vingeliweza kupona. Kuteguka ni kano zifungazo mfupa kwa mfupa kunyooshwa kupita kiasi au kuchanika. Kuvutika ni madhara kama hayo yakiupata msuli wenyewe, au ukano uushikizao msuli kwenye mfupa. Ama kuvunjika ni mfupa kukatika, uwe umetiwa ufa mwembamba tu au umetengana vipande.

Kaunti ya Isiolo, iliyoko kaskazini ya Mlima Kenya, ina eneo la kilomita za mraba zaidi ya 25,000, na hesabu ya mwaka 2019 iliwakuta humo watu 268,002 tu, wengi wao wafugaji waliotawanyika tangu Oldonyiro upande wa magharibi mpaka Garbatulla na Merti upande wa mashariki. Hospitali ya rufaa imo mjini Isiolo. Kwa hiyo mchungaji aliyepigwa teke na ngamia kando ya mto Ewaso Nyiro, au aliyeanguka kutoka juu ya mgunga akiwakatia mbuzi matawi wakati wa ukame, huenda akalala usiku mzima kabla hajaonwa na tabibu. Mjini na katika barabara kuu iendayo Moyale, bodaboda na magari ndiyo yavunjayo miundi na mapaja. Tofauti hii ya masafa ndiyo iamuayo mambo: aliye karibu na hospitali aweza kumwachia mganga hukumu, ilhali aliye malishoni hana budi kuhukumu mwenyewe, na hukumu hiyo ina alama zake.

Dalili za mvunjiko zisizo na shaka ni kiungo kupinda mahali pasipo na kiungo, kuwa kifupi kuliko mwenziwe, mifupa kusikika ikisagana, au ncha ya mfupa kutokea nje ya ngozi. Lakini mivunjiko mingi haina dhahiri hiyo, na hapo yafaa kutumia kidole kwa upole: katika kuteguka, maumivu makali hukaa kwenye nyama laini za kiungo, na katika kuvutika hukaa ndani ya msuli na kuzidi msuli ukazwapo, bali katika kuvunjika hupatikana nukta moja juu ya mfupa wenyewe ambayo majeruhi hawezi kuistahimili iguswapo. Kwa kifundo cha mguu, ambacho ndicho kitegukacho kuliko vyote, matabibu wa mji wa Ottawa nchini Kanada walitoa mwaka 1992 kanuni ambayo ingefaa kufundishwa kila shule ya malishoni: mtu mzima asiyeweza kwenda hatua nne kwa mguu ulioumia, au aumiaye akibonyezwa nyuma au kwenye ncha ya mojawapo ya mafundo mawili ya mguu, hana budi kupigwa picha ya eksrei. Mtoto na atazamwe kwa hadhari zaidi, kwa kuwa mfupa wake hupinda na kupasuka upande mmoja kama kijiti kibichi, naye akaweza kuchezacheza siku ya pili. Na mzee aliyeanguka asiweze kusimama, mguu wake ukawa umegeukia nje, adhaniwe amevunjika nyonga hata kama hakuanguka kwa kishindo.

Tiba ya kuteguka na kuvutika ni nyepesi, nayo huharibiwa na haraka. Kiungo kipumzishwe, kifungwe bendeji isiyobana sana, kiinuliwe juu ya mto, na kitiwe baridi. Penye barafu, barafu hiyo iviringwe nguo na kuwekwa dakika ishirini, na pasipokuwapo, kitambaa kilichoroweshwa maji ya mtungini chatosha kuleta nafuu. Kukanda kwa mafuta ya moto siku mbili tatu za kwanza, desturi iliyoenea mno, huzidisha damu na uvimbe. Maumivu yakipungua, kiungo kianze kujongezwa taratibu, maana kukilaza mno nako hukidhoofisha.

Mvunjiko, au hata shaka ya mvunjiko, wataka banzi. Vijiti vilivyonyooka, gazeti lililokunjwa mara nyingi au fimbo ya mchungaji vyote vyafaa, mradi viwekewe nguo laini kwa ndani na vifike kupita kiungo kilicho juu na kilicho chini ya pale palipovunjika. Jeraha lililo wazi lifunikwe kwa kitambaa safi, mfupa uliotoka usirudishwe ndani kwa mkono, na majeruhi afikishwe hospitali upesi apate dawa za kuzuia usaha na sindano ya pepopunda. Paja lililovunjika ni hatari ya namna nyingine, kwa sababu laweza kumwaga ndani ya nyama lita nzima ya damu au zaidi bila tone kuonekana nje.

Miongoni mwa jamii za wafugaji wako waungaji mifupa, na haifai kuwadharau: watu waishio na mifugo huijua mifupa kwa macho na kwa mikono. Hata Hugh Owen Thomas, tabibu wa Liverpool aliyebuni banzi la paja lililookoa maisha ya askari wengi katika Vita Vikuu vya Kwanza, baba yake alikuwa muungaji mifupa wa kienyeji. Walakini kosa moja la tiba hiyo halisameheki, nalo ni kufunga vijiti kwa kukaza na kuviacha siku nyingi bila kutazama. Kiungo huvimba ndani ya kifungo, damu hukosa njia, na misuli iliyokosa damu kwa muda wa saa sita hivi huanza kufa isirudi tena. Richard von Volkmann wa Ujerumani aliueleza mwaka 1881 mkono uliokunjamana kwa sababu hiyo. Na kiungo kikifa kabisa, hakibaki na dawa ila kukatwa.

Hospitalini mfupa hunyooshwa na kufungwa plasta, au hutiwa vyuma kwa upasuaji. Kifundo cha mkono cha mtu mzima huunga kwa takriban wiki sita, muundi kwa miezi mitatu au minne, na mtoto hupona kwa muda mfupi zaidi. Liwe banzi la malishoni au plasta ya hospitali, ncha za vidole ziachwe wazi zitazamwe mara kwa mara: vikiwa baridi, vikibadilika rangi au vikifa ganzi, au maumivu yakizidi hata dawa isiyatulize, kifungo cha vijiti kilegezwe saa ile ile, na mwenye plasta arudishwe hospitali bila kungoja kupambazuke.