Simu Yangu Ilisema Nimezama Homa Bay

Nilikuwa nimesimama kwenye gati la Homa Bay, viatu vikavu, natafuna samaki wa kukaangwa, nikafungua programu ya GPS kwa simu. Ikaniambia niko mita 1,120 na kitu juu. Poa. Kisha nikatafuta kimo cha Ziwa Victoria chenyewe: karibu mita 1,135. Wasee, kwa hesabu hiyo nilikuwa nimezama zaidi ya mita kumi, na bado nakula samaki!

Nilidhani simu imeharibika. Haikuwa imeharibika. Ilikuwa inahesabu kutoka sifuri nyingine. Na hiyo sifuri ndiyo nataka tuongelee leo, kwa sababu watu wa Homa Bay na Migori wamelipa bei ya kutojua sifuri zao.

Turudi nyuma kidogo. Agosti 1858, Mwingereza John Hanning Speke alifika upande wa Mwanza na kuandika kimo cha ziwa ambalo Wajaluo tayari walikuwa wanaliita Nam Lolwe. Hakuwa na GPS. Alichemsha maji. Ukipanda juu, maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100, kwa hivyo ukiwa na kipimajoto kizuri unaweza kukisia uko juu kiasi gani. Alipata futi 3,700 na ushee, na hakukosea kwa mbali.

Baadaye ikaja reli. Ujenzi ulianza Mombasa 1896, na Desemba 1901 njia ikafika ziwani, pale tunapopaita Kisumu. Reli haipendi kubahatisha milima, lazima ujue unapanda kiasi gani. Ndiyo maana hadi leo vibao vya stesheni za zamani vimeandikwa kimo cha mahali, kwa futi, juu ya usawa wa bahari. Wapimaji husafirisha kimo kutoka pwani hatua kwa hatua: mmoja anashika fimbo yenye namba nyuma, mwingine mbele, katikati kuna darubini iliyolazwa sawasawa. Unasoma tofauti, unasonga, unasoma tena. Kila baada ya umbali fulani unaacha alama kwenye zege. Mtu akisema leo shule fulani ya Migori iko mita fulani juu, anasimama mwisho wa mnyororo mrefu wa fimbo unaoanzia Kilindini, Mombasa.

Sasa, pale Kilindini sifuri ilipatikanaje? Bahari haitulii, inajaa na kupwa kila siku. Kwa hivyo unapima maji kwa muda mrefu, unatafuta wastani, halafu unaandika jibu kwenye alama ya nchi kavu. Ukishafanya hivyo, sifuri imegandishwa. Bahari nayo haijagandishwa. Tangu 1901 hadi 2018, bahari za dunia zilipanda kwa wastani wa sentimita 20 hivi. Maana yake ni kwamba "mita 0" ya ramani za kikoloni na "usawa wa bahari" wa leo si kitu kimoja tena. Nyumba ya pwani ambayo ramani ya zamani inasema iko mita 1 juu ya bahari, leo iko chini ya hiyo mita 1.

Mtu atauliza, si wabadilishe tu sifuri? Wakibadilisha, kila daraja, kila mtaro, kila ramani nchini inapata namba mpya ilhali hakuna kilichosonga. Nchi nyingi huamua kuacha sifuri palepale na kukubali kwamba ni kumbukumbu ya bahari ya zamani. Mimi sina shida na hilo. Shida yangu ni kwamba hatuambiwi.

Na hapa kwetu mambo yana ukora zaidi. Ziwa ni moja, majirani ni watatu, na kila mmoja alikuja na bahari yake. Kenya ilihesabu kutoka Mombasa. Tanzania ilihesabu kutoka Tanga. Uganda ilifuata Mto Nile: namba zake zilipitia Khartoum hadi Alexandria, Misri. Ukisimama Muhuru Bay, Migori, Tanzania unaiona pale. Maji ni yaleyale, lakini karatasi za kila upande zinaanzia bahari tofauti.

Usidhani ni utani wa wasomi. Ujerumani na Uswisi walijenga daraja Laufenburg, juu ya Mto Rhine. Sifuri zao zilitofautiana kwa sentimita 27. Walijua, wakarekebisha, ila walirekebisha upande usiofaa. 2003 wakagundua pande mbili zinaachana kwa sentimita 54. Hao ni watu wenye pesa na vifaa vyote.

Sasa tuseme ukweli: si bahari iliyoingia kwenye nyumba za watu Karungu, Sori, Mbita au Kendu Bay. Bahari iko mbali na chini sana. Ziwa letu hupandishwa na mvua. Mvua kubwa za 1961 zilianzisha mpando ambao hadi 1964 ulikuwa umelipandisha zaidi ya mita 2. Halafu 2006 likashuka chini kuliko wakati wowote tangu miaka ya 1920. Watu wakaona ardhi mpya. Wakalima, wakajenga, wengine wakanunua ploti. Mei 2020 kipimo cha Jinja kikasoma mita 13.42, sentimita moja juu ya rekodi ya 1964. Kutoka 2006 hadi hapo ni karibu mita 3. Mei 2024 likapita hata hapo.

Na angalia ile 13.42. Si kina cha ziwa. Si kimo juu ya bahari. Ni urefu juu ya sifuri ya kipimo cha Jinja, basi. Habari zikaitangaza, na mama mwenye kibanda cha omena Karungu akabaki hajui kama maji yatafika mlangoni au la. Namba ilikuwa sahihi na haikumsaidia chochote.

Dana yangu hakuhitaji Jinja. Kuna mkuyu kule kwetu, yeye alisema maji ya miaka ya uhuru yalifika kwenye mizizi yake, kwa hivyo msijenge chini ya huo mti. Vijana wakaona ni hadithi za wazee. 2020 maji yakaja kwenye mizizi. Dana alikuwa na alama, alikuwa na tarehe, na alijua nyumba iko juu au chini ya alama. Huo ni upimaji kamili. Kitu pekee alichokosa ni mtu wa kuandika.

Kwa hivyo maoni yangu ni haya. Kila bichi ya Homa Bay na Migori iwekwe nguzo yenye mistari miwili, maji ya 1964 na maji ya 2024, na kipimo cha Jinja kitafsiriwe kwenye nguzo hiyo hiyo, ili mtu akisikia namba redioni aangalie mstari na ajue. Kenya, Uganda na Tanzania wakubaliane sifuri moja ya ziwa, maana bahari tatu kwa ziwa moja ni nyingi. Na wewe ukiuziwa ploti ya kando ya maji, usiulize tu bikoni ziko wapi. Uliza iko juu ya mstari wa 1964 au chini. Muuzaji akikuonyesha namba kwa simu, muulize inahesabiwa kutoka wapi.

Akishindwa kujibu, tafuta mzee wa hapo akuonyeshe mti.